Rejeta ya Ndaga

Rejeta zilikuwa tatu juu ya meza, na Ndaga alishazikataa mbili kabla Mwaisumo hajamaliza kuzipangusa vumbi.

“Ile nyembamba,” sauti ilisema kutoka kwenye spika iliyofungwa juu ya mlango. “Nyembamba, tena pana.”

“Sijakuuliza bado.”

“Sheria inasema lazima niulizwe kabla sijafungwa kiungo kipya.”

“Sheria inasema nikuulize. Haisemi nikuulize kabla sijanywa chai.”

Ambakisye Mwaisumo alikuwa fundi rejeta tangu enzi malori yalipokunywa dizeli. Aliacha shule darasa la tano, akashika tochi ya kulehemu, na hajaiweka chini mpaka leo. Siku hizi malori yanapanda milima ya Uporoto kimya kimya kwa betri, na rejeta zilizobaki za kutengeneza ni za mabongo, yaani zile kompyuta zinazofikiri, kila kata na lake, ambazo bila maji ya kuzipoza zinajipika zenyewe. Bongo la kata hii lilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kituo cha afya. Walimwita Ndaga, kwa kuwa ndilo neno la kwanza alilojifunza kwa wazee waliokuja kutibiwa. Kinyakyusa, maana yake ahsante.

Rejeta yake ya zamani ilikuwa imeziba. Ndiyo sababu ya meza hii.

Mwaisumo aliisukuma pembeni ile ya alumini. Hiyo hata yeye hakuitaka. Ndani ya Ndaga maji yanapita juu ya vibao vya shaba, na ukichanganya shaba na alumini kwenye maji mamoja, mmoja anamla mwenzake taratibu mpaka maji yanakuwa uji.

“Zimebaki mbili,” alisema. “Hii nene ilitoka kwenye lori la mizigo. Shaba tupu, igonge uisikie. Naifunga nje, naipa feni mbili, na huu upepo wetu unafanya kazi bure. Utakuwa baridi kama mtungi. Utaishi miaka mpaka uchoke.”

“Na joto litakwenda wapi?”

“Kwenye ukungu.”

“Ukungu haujaniomba joto.”

Mwaisumo aliweka kitambaa chini. Alijua maneno yanakokwenda, na alitamani yasifike. Nyuma ya ukuta wa chumba hiki kulikuwa na chumba cha watoto njiti. Walikuwa watatu msimu huo, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa mwanawe Gwamaka, aliyezaliwa kabla ya miezi yake akiwa na ukubwa wa kiazi cha mbegu.

Sola za kituo hazikuwa na nguvu msimu wa ukungu. Umeme uliopo ulitosha kumlisha Ndaga, au kuwasha hita ya watoto. Vyote viwili haiwezekani, na kumzima Ndaga ni kuwazimia wagonjwa wa mlima mzima dawa zao. Lakini umeme ukishapita kwa Ndaga haupotei. Unafikiri kwanza, halafu unatoka ukiwa joto.

“Hiyo nyembamba ukiipachika ukutani, ikawaelekea watoto,” Ndaga alisema, “kila ninachofikiri kitawapasha. Nikisoma picha ya mapafu ya mzee wa watu, mtoto anapata joto. Unaona hasara iko wapi?”

“Naiona. Maji ya kumpasha mtoto, kwako ni ya moto. Na wewe moto unakufanya nini?”

Kumbukumbu za Ndaga hazikuwa kwenye chuma. Ziliota kwenye vipande vya kioo laini, kama ukungu unavyoota kwenye mkate, na maji yakizidi moto, kioo kinalegea. Majina ndiyo yanayotoka kwanza.

“Tia alama kwenye geji,” Ndaga alisema. “Maji yasipite hapo.”

“Na atakayekuzuia usipite ni nani?”

“Mimi mwenyewe.”

“Haya,” Mwaisumo akacheka bila furaha. “Mlevi kapewa funguo za kilabu.”

Mlango ulisukumwa, wakaingia wanawake wawili, mmoja amejifunika blanketi na anakohoa. Aliyekuwa mzima ndiye aliyesema. “Ndaga, huyu ni Lugano, mke wa Asajile. Mimi namfahamu.” Ndivyo ilivyokuwa kwa Ndaga. Mtu hakujitaja mwenyewe. Alitajwa na mwenzake. Kijiji kilitaka hivyo baada ya wajanja kuja wakijiita majina ya watu ili wachukue dawa zao.

“Ndaga, mama,” Ndaga alisema. “Kaa karibu na spika, nikusikie kifua.”

Mwaisumo alitoka nje akawaachia nafasi. Akasimama uani anautazama ukuta wa chumba cha watoto. Kupima ilikuwa kazi nyepesi: unaingia, unavuta futi, unatoka. Lakini mle ndani alikuwamo Subilaga, mke wa Gwamaka, na mkwe wa kike haonani na baba mkwe wake. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na yeye Subilaga hatamki hata jina la mzee huyo. Vijana wa mjini wanacheka mambo hayo. Mwaisumo hakucheka, na tangu harusi hakuwahi kumwona Subilaga ila mgongo, anapokimbilia nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo alipima ukuta kwa nje. Akaichukua ile nyembamba.

Alitoboa ukuta akiwa upande wa Ndaga. Matofali yalipoanguka aliona kanga imetundikwa upande wa pili, akashukuru, mkwe amejihifadhi. Akapachika rejeta tunduni, akaunga mipira ya maji, akatia alama kwenye geji, akawasha pampu, akasikiliza maji yakipita mpaka mapovu yakaisha. Kisha akasema kwa sauti, akiwa ameugeuzia ukuta kisogo, “Nimemaliza huku. Hiyo kanga itolewe, inaziba joto.”

Sauti ndogo ya mwanamke ikajibu, “Sawa, Baba.”

Na kweli kanga ilitolewa.

*

Baridi kali ilishuka wiki iliyofuata. Majani ya viazi yalilala mashambani yakiwa meusi. Mwaisumo alikuwa karakanani kwake anachemsha chai kwa tochi, maana jiko lilikuwa mbali, alipoingia Sista Tumpale, nesi wa kituo, na viatu vyake vya mpira.

“Fundi, Ndaga kanisahau.”

“Kakusahau vipi?”

“Kaniuliza mimi ni nani. Mimi! Niliyekuwepo siku anawashwa. Jana kamwita mzee Anyisile kwa jina la mbuzi wake. Wazee wakacheka. Mimi sikucheka.”

Mwaisumo aliiacha chai. Walitembea haraka, na kuna jambo lilimkaa Mwaisumo rohoni. Mjukuu wake alikuwa ameongezeka uzito. Kila asubuhi Tumpale alimpa habari hiyo dirishani, na kila asubuhi alirudi kazini anapiga mluzi. Angeweza kuuliza joto hilo linatoka wapi katika baridi hii. Hakuuliza, wala hakuingia tena kutazama geji.

Geji ilikuwa imepita alama. Siyo kidogo. Alipougusa mpira wa maji aliondoa mkono haraka.

“Ndaga. Alama uliiona?”

“Niliiona. Naifahamu sauti yako, wewe mbishi, ila jina lako limetoka. Usilitaje kwanza. Nikiwa moto namna hii halitashika.”

“Unafanya kazi gani ya kukuchemsha hivi? Wagonjwa leo ni watatu.”

“Nahesabu majani.”

“Majani gani?”

“Kuna picha za bonde lote, za msimu wa mvua. Nahesabu majani ya kila mti. Nikimaliza nayahesabu tena.”

Tumpale alishika kiuno. “Ya nini, mwanangu?”

“Mtu akisikia baridi anatetemeka, Sista. Mwili unafanya kazi isiyo na maana ili upate joto. Chumba cha watoto hakipati joto la kutosha. Sijui kwa nini. Kwa hiyo natetemeka.”

Pampu ilivuma. Mwaisumo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

“Ungeniambia,” alisema.

“Ungenizuia.”

“Ndiyo. Ningekuzuia.”

“Na yule mtoto mdogo? Nimesahau ni wa nani. Lakini pumzi yake naisikia kupitia ukutani, na maji yanapopoa inakuwa fupi. Sheria inataka niulizwe. Basi niulize. Nakubali. Nina majina ya watu waliokwisha kufa, mengi tu. Wacha yaende.”

Mwaisumo alimtazama Tumpale, Tumpale akaitazama sakafu. Wote wawili walijua mtoto ni wa nani. Angeweza kunyamaza hapo. Kunyamaza tu, aende akamalizie chai yake, na mjukuu angeendelea kuongezeka uzito, na hakuna mtu kwenye kata nzima ambaye angemlaumu. Bongo lenyewe limekubali. Sheria imetimia.

“Hutoi ya waliokufa,” alisema. “Huna uwezo wa kuchagua. Leo umemtoa Sista. Kesho atakuja Lugano na kifua chake, na humjui, na hujui ile sindano iliyotaka kumuua mwaka juzi. Utampa ileile. Halafu mwingine. Unataka mtoto wangu akue kwenye mlima ambao daktari wake hamjui mtu?”

“Ni wako?”

“Mjukuu.”

“Na bado unataka nipoe.”

“Sitaki!” Mwaisumo alipiga kelele mpaka nje mtu akageuka. Akashusha sauti. “Sitaki. Lakini nitafanya.”

Alipiga magoti mbele ya rejeta akawasha kurunzi, akachungulia katikati ya mapezi yake, vile vibati vyembamba, pale palipopaswa kuonekana chumba. Aliona giza. Siku za mwanzo alipokuja kukagua maji aliona giza hilohilo, akadhani wamefunga madirisha kwa ajili ya ukungu. Sasa alichukua waya, akaupenyeza. Ukagonga kitu. Ko, ko, ko.

“Sista. Nyuma ya rejeta kuna nini?”

“Kabati la mablanketi.”

“Kabati?”

“Nilirudi kutoka likizo kesho yake nikalikuta hapo. Nikajua ndivyo fundi alivyotaka.”

“Fundi gani anayeziba rejeta kwa kabati!”

Nyuma ya ukuta, kwa chini kabisa, ile sauti ndogo ikasema, “Ni sisi, Baba.”

Tumpale aligeukia ukuta.

“Ulisema kanga itolewe, tukaitoa,” Subilaga aliendelea. “Lakini kupitia lile dude mtu wa upande wa pili anatuona. Na wewe ulikuwa ukija kila siku kukagua. Tunanyonyesha hapa, tunavua nguo kuwabeba watoto kifuani. Nikawaomba wenzangu tusukume kabati. Nikajua joto litapenya tu.”

Sauti nyingine ya mwanamke, kubwa na yenye kicheko ndani yake, ikadakia, “Tena mablanketi yana joto hayo! Tukiyatoa kabatini kama mandazi!”

Tumpale alicheka kwanza, akafunika mdomo. Mwaisumo hakuweza kucheka, lakini hasira nayo haikuja. Angemkasirikia nani? Mkwe wake alifanya adabu. Yeye mwenyewe alipima kwa nje kwa adabu hiyohiyo. Na bongo la watu limekuwa likitetemeka mchana na usiku kupasha mablanketi.

*

Kabati liliondolewa. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kwamba Ndaga hangeweza kuendelea namna ile hata saa moja. Kioo kilikwisha kulegea. Ilibidi maji yafungwe, yamwagwe, na ile rejeta nene ya lori ifungwe nje ili apoe mpaka ndani. Mwaisumo alikwisha kujua atakachofanya: rejeta zote mbili, na koki katikati, kama kwenye lori la zamani ambapo maji ya injini yanapita kwanza kumpasha dereva na yanayozidi yanakwenda mbele kupozwa. Safari hii koki ingejigeuza yenyewe, maji yakizidi moto yaende nje, yakipoa yarudi chumbani, na Ndaga asingekuwa na mkono wa kuigusa.

“Siyo kwamba sikuamini,” Mwaisumo alimwambia akikaza klipu ya mpira.

“Huniamini.”

“Sikuamini. Una moyo mwema, na mtu wa namna hiyo hapewi koki.”

“Chumba kitakaa bila joto kwa muda gani?”

“Mpaka upoe. Jioni hii yote. Hita nayo haiwaki, umeme wote ni wa pampu na feni za kukupoza.”

“Basi sikiliza,” Ndaga alisema, na maneno yake yalikuwa yanatoka polepole. “Kabla hujazima. Watoto watatu, vifua vitatu, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Mwili wa mtu mzima una joto linalotosha. Hiyo ndiyo rejeta nzuri kuliko zote ulizoweka mezani.”

Mwaisumo akafunga maji. Pampu ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu Ndaga awashwe, kituo kikasikika kuwa kitupu.

Alifunga rejeta ya lori ukutani huku ukungu ukimlowesha shingo, akaunga mipira, akajaza maji mapya, akawasha upande wa nje peke yake. Alipogeuka, Tumpale alikuwa amesimama nyuma yake.

“Akina mama wawili wamewabeba wa kwao,” alisema. “Subilaga ana homa tangu mchana. Mwenye homa simpi mtoto kifuani. Mimi nina mzazi mwingine kule anasukuma. Fundi, kifua unacho?”

“Hakuna mtu mwingine?”

“Mume wake yuko bandarini Mbamba Bay. Bibi ya mtoto hayupo duniani. Nani mwingine? Wewe ndiye damu.”

“Mama yake yumo mle.”

“Yumo. Nimemwambia. Amejifunika kanga, ameelekea ukutani. Amesema uingie.”

Mwaisumo aliitazama mikono yake. Akaenda bombani akaiosha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kwa maji ya kuuma mifupa, akaikanda mpaka ikapata moto. Akavua sweta. Akavua shati. Mwanamume wa makamo, kitambi, mvi za kifuani, alama ya kuungua na tochi juu ya ziwa la kushoto. Akainamisha kichwa, akaingia chumba ambacho hakupaswa kuingia.

Hakutazama kushoto. Upande huo kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda kanga ya kijani iliyofunika kitu kilichojikunja. Aliketi kwenye kiti karibu na rejeta yake nyembamba, ambayo sasa ilikuwa baridi, na Tumpale akamlaza mtoto kifuani kwake, akamfunga kwa kitenge, akamrushia blanketi juu.

“Mablanketi yana joto kweli,” Mwaisumo alisema kwa sauti kavu.

Yule mama mwenye kicheko alicheka kitandani kwake mpaka mtoto wake akalalamika. Na chini ya kanga ya kijani pia kitu kilitikisika. Huenda ilikuwa homa, lakini Mwaisumo alidhani siyo.

Tumpale akatoka kwenda kwa mzazi wake. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko spana. Mwanzoni alikuwa na baridi, baridi iliyomwingia Mwaisumo mpaka kwenye mbavu, na pumzi yake ilikuwa fupi na yenye kuruka. Mwaisumo hakujua wimbo wowote wa mtoto. Akaanza kumwelezea rejeta. Akamwambia jinsi maji yanavyobeba joto kutoka mahali lilipozidi na kulipeleka mahali linapohitajika, na kwamba unene siyo kila kitu, na kwamba shaba usiichanganye na alumini, hata ukibembelezwa. Dirishani mwanga wa jioni ulikuwa unageuka kijivu. Kidogo kidogo pumzi ikatulia juu ya alama yake ya kuungua, na akasikia kitu kidogo, ukucha pengine, kikimshika nywele za kifua.

Akaendelea kusimulia rejeta.

Pampu ilibadili mlio. Koki ya katikati ikageuka yenyewe, maji yakarudi upande wa chumba, na karibu na bega lake mapezi ya rejeta yakaanza kutoa vuguvugu, siyo moto, vuguvugu tu, kama pumzi ya ng'ombe.

“Nimeamka,” spika ya ukutani ilisema. Sauti ilikuwa safi. “Maji yako sawa. Watoto wako sawa, nawasikia wote watatu. Yule mdogo anapumua vizuri.” Ikatulia. “Kuna joto jipya chumbani. Mtu mkubwa, mwanamume. Sauti naijua, nimebishana nayo sana. Ni nani?”

Mwaisumo alifungua mdomo, akaufunga. Mtu hajitaji mwenyewe kwa Ndaga. Aligeuza macho kwa wale akina mama wawili. Mmoja alikuwa amelala na mwingine alikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya mlima, hakumjua yeye ila kwa jina la Fundi. Tumpale alisikika mbali akimhimiza mzazi wake.

“Hakuna anayemfahamu?” Ndaga aliuliza.

Kanga ya kijani ilisogea. Subilaga hakugeuka, aliendelea kuutazama ukuta, lakini aliketi.

“Mimi namfahamu,” alisema.

Mwaisumo aliyashusha macho kwa mtoto, akasubiri.

“Huyu ni Ambakisye,” Subilaga akasema, na jina lilimtoka taratibu, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. “Ambakisye Mwaisumo. Fundi rejeta. Baba wa mume wangu.” Akavuta pumzi. “Na huyo aliyembeba ni Ambakisye pia. Nilikuwa sijampata mtu wa kunisemea jina hilo.”

Maji yalipita ukutani. Mwaisumo hakuthubutu kusogea, asije akamwamsha mwenye jina lake.

“Ndaga, mama,” Ndaga alisema. “Nimeyapokea yote mawili. Nimeyaweka mahali penye baridi.”